Buti kwanza: mwongozo wa kununua vifaa kabla ya kwenda Malawi kujitolea ujenzi

Waandaaji wa safari za kujitolea hutoa orodha ndefu ya vitu vya kubeba, na buti huchomekwa humo katikati, baina ya taulo na tochi. Matokeo yake unamkuta kijana anavuka mpaka wa Kasumulu na pawabenki mpya, kofia ya jua, miwani, na miguuni raba za kuchezea mpira.

Namwandikia mtu wa Dar, Mbeya au Nairobi anayekwenda Malawi kwa wiki mbili tatu na kikundi cha kanisa, chuo au shirika. Habitat for Humanity, kwa mfano, wanajenga nyumba Malawi tangu 1986. (Shirika lenyewe lilianzishwa Marekani mwaka 1976, lakini Millard na Linda Fuller walikuwa wameshakaa miaka mitatu wakijenga nyumba Mbandaka, Zaire ya wakati ule. Kwa hiyo jambo hili lina mizizi huku kwetu kuliko wengi wanavyodhani.) Ukifika saiti hutapewa mwiko. Utakuwa saidia fundi: kupitisha matofali mkono kwa mkono, kuchanganya zege kwa beleshi, kubeba karai, kubandua mbao za zege na kung'oa misumari. Hatari tatu kubwa za kazi hizo, yaani tofali, msumari na saruji mbichi, zote zinaishia miguuni. Fedha yako ya kwanza iende huko.

Tazama soli kabla ya chuma cha vidoleni

Muuzaji akikuona unashika sefti buti atagonga ncha yake mezani usikie chuma. Mwache agonge. Chini ya kiwango cha kimataifa cha EN ISO 20345, kinga ya vidole inatakiwa ihimili pigo la jouli 200, sawa na kitu cha kilo 20 kudondoka kutoka kimo cha mita moja. Tofali la kuchoma likikuponyoka kiunoni halifiki hata robo ya hapo. Kwa kazi ya saidia fundi, karibu buti yoyote ya kweli itakutosha kwa upande wa vidole.

Msumari ni habari nyingine. Ubao uliobanduliwa kwenye zege hulala chini misumari ikitazama juu, na anayeukanyaga mara nyingi ni mgeni, kwa sababu mafundi wameshazoea kutazama wanapoweka mguu. Hapo kinachokuokoa ni bamba lililofichwa ndani ya soli, na buti nyingi za bei poa hazina bamba hilo hata kama chuma cha mbele kipo. Kwa hiyo geuza ulimi wa kiatu usome herufi:

SB ni kinga ya vidole tu. S1 inaongeza kisigino kinachopunguza mshtuko, bamba hakuna. S1P ina bamba, ila ngozi yake haizuii maji. S3 ina vyote: bamba, ngozi inayokataa maji, na soli yenye meno. Kwenye buti zilizotengenezwa kwa toleo la 2022 la kiwango hicho utakuta pia S3L na S3S, ambazo bamba lake si la chuma bali la kitambaa kigumu kilichosukwa. S3L imejaribiwa kwa msumari wa milimita 4.5, S3S kwa msumari mwembamba zaidi, milimita 3. Ukipata ya kuchagua, chukua S3S. Usiipime kwa sumaku, maana sumaku haitashika kitambaa.

Namba moja: S3 mpya, inayofunika kifundo cha mguu

Sina shaka na hii. Malawi ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na safari nyingi hupangwa kiangazi, Mei hadi Oktoba, kwa hiyo utasikia mtu akisema ngozi ya kuzuia maji ni kupoteza fedha. Asubiri apangiwe Thyolo au Mulanje mwezi Juni, akutane na chiperoni, yale manyunyu na ukungu wa baridi wa nyanda za kusini yanayoweza kukaa siku kadhaa. Buti iliyolowa asubuhi haikauki kufikia kesho yake.

Nenda dukani alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi nene utakazovaa kazini. Funga kamba, kisha shuka ngazi. Vidole vikigusa chuma wakati wa kushuka, ongeza namba. Buti ya ngozi hutanuka ubavuni, mbele kwenye chuma haitanuki kamwe. Halafu inunue mwezi mzima kabla ya safari na uivae kwenda sokoni, kanisani, popote. Malengelenge ya siku ya pili saiti yanamgeuza mfanyakazi kuwa mpiga picha wa kikundi.

Namba mbili: mtumba wa kazi, kwa anayejua kukagua

Karume pale Ilala, au Gikomba kwa ndugu zetu wa Nairobi, hutoka buti za kazi za Ulaya zenye ngozi ambayo huwezi kuipata mpya kwa bei hiyo. Naziweka namba mbili, na kwa mwenye jicho zinaweza kuipita S3 mpya ya bei ya chini. Ila zina ugonjwa wao.

Soli nyingi za buti za kazi ni za poliyurethani. Mata hiyo huliwa polepole na unyevu wa hewani, hata kama buti haijawahi kuvaliwa. Ndiyo maana unaweza kununua buti inayong'aa, juu kama mpya, ukaivaa siku moja na soli ikameguka vipande kama mkate mkavu. Kupiga kiwi hakusaidii, na gundi ya fundi viatu haitashika kitu kinachogeuka unga. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli: ikimeguka, ikinata, au ikionyesha nyufa ndogondogo unapoikunja, irudishe. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa, mwezi na mwaka, kwenye lebo ya ndani au kwenye kiduara chenye mshale kilichochorwa chini ya soli. Mimi nikiona miaka mitano imepita, naondoka hata wakinipunguzia.

Kisha ingiza mkono hadi mbele upapase chuma kwa ndani. Chuma kilichokwisha kupigwa na kubonyea kimemaliza kazi yake.

Namba tatu: gambuti lenye bamba

Siku ya kumwaga zege, hili ndilo la kwanza; siku nyingine zote ni mzigo na jasho. Tafuta herufi S5, maana gambuti la kawaida la shambani halina bamba wala kinga ya vidole. Kikundi cha watu kumi hakihitaji jozi kumi. Nunueni chache za namba tofauti, zivaliwe na walio kwenye zege siku hiyo.

Saruji mbichi ina ukali wa magadi makali, pH yake ni kati ya 12 na 13, na inaunguza taratibu bila kukuonya kwa maumivu. Watu huunguzwa zaidi na ile iliyoingia ndani ya buti ikakaa hapo saa nzima, au iliyolowanisha goti la suruali. Suruali ipite nje ya gambuti, usiichomeke ndani. Ikiingia, vua palepale na uoshe kwa maji mengi.

Namba nne: S1P, kiatu kifupi

Chepesi, kina bamba, kinafaa kupaka rangi na kazi za ndani. Mchanga na kokoto huingia juu. Kama tayari unacho, nenda nacho. Kukinunua kwa ajili ya safari hii, hapana.

Za mwisho

Buti iliyoandikwa neno "safety" ubavuni kwa herufi kubwa na haina kiwango popote ndani: bora hiyo fedha uongezee nauli. Raba na sandali sizipangi hata namba.

Na uwe umevaa yoyote kati ya hizi, hakikisha chanjo ya pepopunda haijapita miaka kumi.

Vingine, kwa haraka

Glovu: za nitraili zilizofunika kiganja na migongo ya vidole, jozi kadhaa. Za ngozi ni nzuri kwa matofali na nondo, lakini zikilowa saruji zinaishikilia kwenye mkono wako. Barakoa: FFP2 au N95 kwa siku za kukata na kupakua mifuko ya saruji; ya kitambaa haizuii vumbi laini. Miwani iwe myeupe, kwa kuwa nyeusi itakupofusha ukiingia chumba kisichopakwa lipu. Helmeti uliza kwanza, wenyeji wengi huwa nazo. Ukinunua, iwe na alama ya EN 397. Sweta beba, hasa ukielekea Mzuzu au Dedza mwezi Juni na Julai. Adapta usinunue: soketi za Malawi ni zilezile za pini tatu tunazotumia sisi.

Vifaa vya kazi, yaani nyundo, mwiko, pima maji, viache. Fundi wa kule ana vyake na ana mazoea navyo, na kwenye ndege vitakula kilo zako bila faida, tena havikubaliwi kwenye begi la mkononi. Begi lenyewe liwe la turubai, laini, linalobanwa juu ya basi. Sanduku la magurudumu halina njia ya kupita kwenye saiti ya udongo.

Vaa buti zako unapovuka mpaka badala ya kuzibeba ndani ya boksi lake. Jozi nyingi mpya kwenye maboksi zinafanana na bidhaa za kuuza, na afisa wa forodha ana haki ya kukuuliza hivyo. Kama kikundi kinataka kuwapa mafundi wa kule buti au helmeti, ombeni barua ya wenyeji yenye idadi na thamani mapema. Au pelekeni fedha wanunue Mzuzu ama Lilongwe, kila mtu ajaribu namba ya mguu wake.