Kamba ya mkonge ya milimita 12: maoni ya binti wa manamba

Kamba hii ni mkonge mtupu, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Niliinunua kwa ajili ya mbuzi wangu wa maziwa, ikapita masika na kiangazi. Nunueni, ila si kwa kila kazi.

Dukani nilifumua ncha kabla hata ya kuuliza bei, kijana wa watu akanikodolea macho. Nilikuwa naangalia singa, yaani nyuzinyuzi zinazotoka kwenye jani la mkonge. Ni ndefu, nyeupe inayoelekea manjano, hazina ukijani. Ukiona ukijani ujue korona, mashine ya kukwangua majani, ilinyimwa maji, nyama ya jani imebaki kwenye singa, na kamba hiyo haitadumu.

Haya nimeyajulia kambini, kwenye shamba la mkonge wilayani Korogwe nilikozaliwa. Baba aliletwa Tanga miaka ya 1950, kijana wa Kiha kutoka Kasulu, akaandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Mshahara ulikwenda kwa kipande, kadi ya kuhesabia siku: zitimie siku 30 za kazi ndipo ulipwe. Ukiugua, siku hiyo haihesabiwi. Alikuwa mkataji. Unakata jani, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga mzigo wa majani 30, unaanza mwingine, na utomvu unakuwasha mpaka usiku. Mama alianika singa kwenye waya juani. Na katika uzito wote wa majani yanayoingia kwenye korona, singa ni kama asilimia 4 tu, mengine yote maji na makapi. Kwa hiyo mtu akiniambia kamba hii ni ghali kuliko ya nailoni, namtazama tu.

Ni ghali kweli, lakini inashika. Fundo la nailoni huteleza. Jike wangu mmoja alijinasua usiku akamaliza mchicha wa jirani, tukanuniana wiki nzima. Kwa kamba hii hajatoka. Tena mbuzi akivuta ghafla haikuchubui kiganja. Ikiwa mpya ina vinyweleo vinavyochoma, kwa hiyo isugue kwa kipande cha gunia kabla ya kumvisha mnyama shingoni.

Sitajidai kwamba sina upande. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipojaa masoko ya dunia, bei ya singa ikaporomoka, na kwetu anguko hilo lilifika kwa jina la mshahara uliochelewa. Korona ikawa inasimama. Majirani Wamakonde na Wanyakyusa wakafunga virago mmoja mmoja. Sisi nauli ya Kasulu hatukuwa nayo. Mama akawa anaokota singa fupi zilizotupwa, anazisokota juu ya paja na kuwauzia wafugaji. Madaftari yangu yalitoka humo. Hata kamba niliyofungia sanduku la bati nilipokwenda chuo cha ualimu aliisokota yeye, na kusema kweli ilikaza kuliko hii ya kiwandani.

Sasa kasoro. Kubwa ni ncha: zimekatwa tu na kuachwa hivyo, zikaanza kufumuka siku ileile. Nailoni unaichoma moto ncha ikayeyuka, mambo yakaisha. Mkonge lazima uufunge kwa uzi, na hilo mnunuzi hakuambiwa popote. Kingine ni mvua. Ikilowa inavimba, fundo halifunguki mpaka likauke, na ukiiacha kwenye matope inakuwa nyeusi na kuanza kuoza. Mimi huitundika ukutani kila jioni. Kwa ndoo ya kisima siipendekezi hata kidogo, huko bado natumia nailoni. Harufu ya mafuta yanayotiwa kulainisha singa nayo ipo. Mjukuu wangu aliikataa kwa bembea kwa sababu hiyo, kesho yake akasahau.

Jambo la mwisho ni la dukani, si la kamba. Walinipimia kwa kuivuta ikiwa imekazwa, nikafika nyumbani na pungufu. Ilazeni chini ilegee, ndipo ipimwe.

Naipa nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka kiwanda kifunge ncha.