Mishumaa kwa asiyetumia kitu cha mnyama: ununue upi Uganda?

Umeacha nyama, maziwa, mayai na asali. Umeme ukikatika unakimbilia dukani, unapewa mshumaa mweupe. Je, unakufaa?

Sehemu kubwa ya mshumaa huo ni parafini, nta inayotokana na mafuta ya petroli, na hiyo haina shida. Shida ni stearini. Watengenezaji huichanganya humo ili mshumaa uwe mgumu na mweupe, usipinde kwa joto, na utoke kwenye kalibu bila kung'ang'ania. Stearini hutengenezwa kwa mawese au kwa shahamu ya ng'ombe, na ikishachanganywa hutaitambua kwa macho wala kwa pua.

Chaguo langu la kwanza ni nta ya soya, ile inayouzwa kwenye glasi katika maduka makubwa ya Kampala. Bei yake kali. Hakikisha lebo inasema soya asilimia 100, maana mingine huchanganywa na parafini au hata nta ya nyuki.

La pili, ambalo kwa matumizi ya kila siku ndilo ningekushauri, ni parafini ya fundi unayeweza kumfikia. Wapo wanaomimina mishumaa kwenye karakana ndogo ndogo. Mwombe kwa heshima: "Fundi, naomba nione gunia la stearini." Soma ubavuni mwa gunia; likiandikwa kwamba imetokana na mimea au mawese, nunua katoni nzima. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Nta ya mawese tupu naishusha hadi nafasi ya tatu. Ni mmea, sawa, lakini kule Kalangala, visiwa vya Ssese, misitu ilifyekwa kupisha michikichi, na anayewahurumia wanyama hawezi kuwasahau waliokuwa wakiishi humo.

Pakiti isiyoeleza mshumaa umetengenezwa kwa nini ni ya nne. Piga simu ya kiwanda iliyo kwenye katoni kabla ya kununua. Na kama unachotaka ni mwanga tu, chukua taa ndogo ya sola, uachane na maswali haya yote.

Wa mwisho ni mshumaa wa nta ya nyuki: rangi ya manjano, harufu ya asali, bei ya juu. Muuzaji atakuambia ni wa asili kabisa, na ni kweli. Ila nta hiyo nyuki waliijenga iwe masega yao, nawe asali yao umeshaiacha.