Uzoefu wangu: kisanduku cha mbao cha kuitia bata mzinga mwitu, mimi na binti yangu Kentucky

Kama unataka kuanza kuwinda bata mzinga mwitu hapa Marekani, na una mtoto anayeng'ang'ania kwenda nawe, nunua kisanduku cha kuitia kabla ya vikorokoro vingine vyote. Sisi tunaishi Louisville, binti yangu ana miaka 10, na msimu huu wa machipuko ndio tulioanzia wote wawili.

Chetu tulikipata kwa dola 30 hivi. Ni boksi refu, jembamba, la mbao za mwerezi, na juu yake kuna ubao wenye mpini ulioshikwa kwa skrubu moja. Unaupaka chaki, unauvuta taratibu kwenye ukingo wa boksi, na unatoka mlio wa bata mzinga jike. Muundo wenyewe ni wa zamani. Henry Gibson wa Arkansas aliupatia hataza mwaka 1897, na vya leo havitofautiani sana na chake.

Vipo vya aina nyingine. Vya utando wa mpira vinakaa juu ya ulimi, na binti yangu kila akijaribu alisikia kichefuchefu. Vya bamba la sleti na kijiti vina sauti tamu kweli, lakini vinataka mkono uliotulia sana. Hiki cha mbao alikimudu jioni ileile sebuleni: mivuto mitano au sita kwa mdundo, kila mmoja uanze juu na kushukia chini. Kisha mguso mmoja mfupi, "kluk", kama jike aliyeona chakula.

Sababu yangu kubwa ya kukisifu ni hii: kilimpa mtoto kazi. Bata mzinga hana pua ya maana, ila macho yake yako pembeni mwa kichwa, yanaona karibu pande zote, tena yanaona rangi. Mkono ukipanda kukuna pua tu, ameshaondoka. Mtoto aliyekaa bure hawezi kutulia hivyo kwa saa nzima. Mtoto anayejua kwamba dume anamjibu yeye, anatulia bila kukemewa.

Na dume alimjibu. Kulikuwa bado giza, ndege yuko juu ya mti alikolala, binti yangu akavuta mara tano na kuacha. Sauti ikaja kutoka ng'ambo ya bonde, nzito, ya kubwabwaja. Akanibana mkono. "Baba, ananiambia mimi!"

Hapo ndipo penye elimu. Kwa kawaida majira haya jike ndiye anayemfuata dume. Kwa hiyo dume akisikia sauti, anatua chini, anajitanua mkia, anatembea huku na huku mahali pamoja akingoja aendewe. Ukiendelea kumwita ndivyo anavyozidi kungoja. Dawa ni kunyamaza, aingiwe na wasiwasi kwamba jike ameondoka, aje kumtafuta. Nilimwonyesha binti yangu kwa jicho, akalaza kisanduku mapajani na kukiacha. Sijawahi kumwona amenyamaza vile. Dume alitokea nyuma ya mwaloni ulioanguka, kichwa chekundu, cheupe na buluu kwa pamoja, kishungi cha kifuani, yaani manyoya magumu kama nywele, kinaning'inia. Kishungi hicho ukitazame vizuri, maana msimu huu sheria inaruhusu madume, au ndege mwenye kishungi kinachoonekana. Alipofika kama yadi 30 nikasema bismillahi na kufyatua shotgani, nimelenga kichwa na shingo. Nyama ya kidari ni laini. Mapaja yanataka moto mdogo wa muda mrefu, na tui la nazi liliyatendea haki.

Wenye watoto, naomba msiruke hili. Rangi nyekundu, nyeupe na buluu ziacheni nyumbani, hata soksi, kwa sababu ndizo rangi za kichwa cha dume na porini kuna wawindaji wengine. Kaeni mgongo ukiegemea mti mpana kuliko mabega. Ukimwona mwindaji mwingine usimpungie mkono. Sema naye kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Ukishapata ndege, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya machungwa unapombeba. Na msiigize sauti ya dume kwenye ardhi ya umma, kwani mnaweza kunyatiwa ninyi.

Upande wa sheria, Kentucky aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1975 na ametimiza miaka 12 lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Binti yangu bado hajafika hapo, ila mimi nilikisomea. Aprili mwanzoni kuna wikiendi ya walio chini ya miaka 16. Mwakani, akiiweza bunduki ndogo, atakwenda yeye kama mwindaji na mimi nitavuta boksi.

Sasa kasoro. Kisanduku kinataka mkono utembee, kwa hiyo ndege akishaonekana hakifai tena. Mtoto akae ubavuni nyuma ya bega lako, au tumieni kihema cha kujificha. Kikiwa mfukoni kinalialia chenyewe ukitembea, kifunge kwa mpira wa kubania noti. Chaki iwe kavu isiyo na mafuta, na sehemu zinazosuguana usiziguse kwa vidole. Maji ndiyo adui yake mkubwa: mbao zikilowa, sauti inakufa kabisa. Tunakibeba ndani ya mfuko wa mkate, na kwa asubuhi za mvua nitamnunulia binti yangu kingine cha bamba la kioo na kijiti cha plastiki ngumu, ambacho kinalia hata kikilowa.