Uzoefu wangu: fundi aliyeiita Sansui ya marehemu baba skrapa

Kama mzee amekuachia amplifaya na hujajua uitengeneze au uiuze, usimuulize fundi anayenunua skrapa. Duka la Kariakoo nililoliendea linafanya yote mawili, na ubaya unaanzia hapo.

Nilipeleka amplifaya ya baba, Sansui AU-717, zile za 1977. Taa inawaka, sauti haitoki, na ule mlio wa "tik" wa rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) sekunde chache baada ya kuwasha haupo. Fundi hakufungua hata skrubu moja. "Kaka, trafo (transfoma) imekufa hii. Mambo ya wazee haya, nakupa elfu hamsini." Nilipobisha akaja na dawa: aruke rilei kwa waya, muziki upige leo leo.

Trafo iliyoungua inanuka, au inakata fyuzi kila ukiwasha. Hii fyuzi nzima. Rilei ikigoma kushika, mara nyingi saketi ya ulinzi imeona umeme wa DC (wa upande mmoja, kama wa betri) kwenye njia ya kutokea na inauzuia. Ukiiruka, DC hiyo inaingia kwenye koili ya spika na kuichoma. Yaani aue spika ili amplifaya ionekane nzima! Huo si ufundi, ni wizi uliovaa ovaroli.

Ugonjwa wa Sansui za miaka ile unajulikana: gundi iliyoshikizia kapasita (vifaa vya kutunza chaji) kwenye bodi. Ikizeeka kwa joto inageuka kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya resista na diodi za jirani. Chomoa waya ukutani, ngoja kapasita kubwa zimalize chaji, kwangua gundi kwa kijiti cha mbao, safisha kwa spiriti ya isopropili na mswaki. Kila mguu uliooza, badilisha kifaa chake. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na upande wa hasi ukae palepale. Transista kubwa za mwisho kama hazina shoti ziache kabisa. Za feki zimejaa mjini.

Kabla ya kuwasha, hakikisha kiteuzi cha volti nyuma hakijabaki kwenye 120. Unga balbu ya wati 100 ya kizamani, si LED, mfululizo na waya wa moto, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo uingie kwenye amplifaya. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima. Halafu pima DC upande wa kabla ya rilei, kwa sababu rilei isiposhika, kwenye matundu ya spika utasoma sifuri ya uongo. Chini ya milivolti 50 inatosha. Na kama chaneli moja inapotea sauti ikiwa chini na kurudi ukiongeza, hapo rilei ni chafu tu: pitisha kadi yenye spiriti kwenye vidole vyake vinavyogusana. Msasa unakwangua madini ya juu, usiuguse.

Nisiwadhulumu lakini. Niliposhikilia suala la gundi, kijana msaidizi wao ndiye aliyeifanya kazi yote, na risasi yake ya kulehemu inang'aa, hakuna kiungo kilichoshika vibaya. Rilei ikasema tik. Basi nyota tatu? Hapana. Nikiikumbuka elfu hamsini ile, mbili, na zote ni za kijana.

Kuhusu kuuza: isiyolia inanunuliwa kwa kilo, kwa hiyo hata mwenye nia ya kuuza aitengeneze kwanza. Isipokuwa trafo iwe imeungua kweli. Hapo uza vipande vipande, uso wa mbele na vitufe vyake vina wateja wake. Yangu siuzi. Spika zake ndizo zimelika sponji ya pembeni, na pete mpya za sponji za inchi 10 nimeziona kwao tu, kwa hiyo huenda nikarudi palepale. Nitaomba kijana.