Mkoba wa lubugo: kitambaa safi, mshono hapana

Mimi ni fundi cherehani hapa Bukoba, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mkoba huu niliununua kwa sababu ya kitambaa chake. Basi la Kampala lilisimama Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, nikauona umetundikwa mlangoni mwa duka. Rangi ya chungu kilichotoka kuchomwa. Tulivutana bei mpaka shilingi 85,000 za Uganda.

Lubugo haifumwi. Ni gome la ndani la mti wa mutuba. Fundi huparua ganda la juu, hulichana gome toka juu hadi chini na kulibandua likiwa zima, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, akianza na ya mifereji mipana na kumalizia na ile myembamba, hadi litanuke na kulainika. Shina huvikwa majani ya mgomba ili lipone, na gome jipya huota. Mti haukatwi! UNESCO iliutambua ufundi huu wa Baganda mwaka 2005, ila hata sisi Wahaya tulivaa magome kabla pamba haijatufikia, ndiyo maana nilipoishika lubugo mkononi sikujisikia mgeni.

Isogeze dirishani uone nyuzi zake zinavyopishana kama mizizi ya nyasi. Upande wa nyuma palikuwa na tundu dogo, na aliyeipiga ameliziba kwa mkono, mishono myembamba iliyolala vizuri kiasi kwamba niliigundua kwa kidole kabla ya macho. Mtu huyo anastahili kila shilingi.

Aliyeshona mkoba ndiye aliyeniudhi. Kashona kwa hatua fupi mno, kama anashona shati la tetroni. Lubugo haina mtande wala mshindo, yaani nyuzi za urefu na za upana zilizofumana, kwa hiyo tundu la sindano halijifungi. Ukiyapanga matundu karibu karibu umeitengenezea njia ya kuchanikia. Wiki ya tatu mkanda ulichomoka na ukingo mzima, umekatika kama stempu. Bitana ni nailoni iliyobandikwa kwa gundi, na harufu yake bado ipo. Gome lote hilo la kazi ya mikono, halafu ndani plastiki? Na muuzaji aliniambia nifue tu kwa maji na sabuni. Pale ilipolowa mvua ya Machi, imelegea na kutoa manyoya.

Ushauri wangu: nunua kitambaa chenyewe, mkoba acha. Nilipopita tena nilichukua kipande kitupu, nikakishona kwa hatua ndefu, namba 4 ya cherehani, bitana ya kanga ya pamba, na mkanda nikaupitisha chini ya mkoba mzima ili uzito usibebwe na mshono. Vumbi nalifuta kwa kitambaa kikavu. Mkoba huo wangu una miezi mitano, unabeba mkasi wangu mkubwa na pasi ndogo, na ukingo haujafunguka hata tundu moja.