Klipu za Hozi za Turbo: Kwa Nini Nimeichagua Yenye Springi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani nina klipu za hozi peke yake, nami nawaomba msiondoke, kwa sababu lori linaloishiwa nguvu mlimani huku likitoa moshi mweusi huenda halidai turbo mpya, bali linadai klipu inayoshika. Kazi ya turbo mnaijua, hivyo siielezi. Ninalotaka mlione ni mzigo wa kiungo: turbo ikisukuma hewa kwa kilopaskali 200 juu ya hewa ya kawaida, bomba lenye kipenyo cha milimita 100 husukumwa litoke ndani ya hozi kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 160. Ni sawa na watu wawili wazima kuning'inia kwenye kiungo kimoja kinachotikiswa na injini, na kabla hewa haijafika kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa hiyo, joto lake linaweza kupita nyuzi 150.

Sasa itazameni hii ya mkono wa kushoto, klipu ya skrubu yenye ukanda uliotobolewa. Aina ya klipu za skrubu ni kongwe, maana Lumley Robinson alipewa hataza yake Uingereza mwaka 1921, na ukongwe si kosa. Kosa ni haya matundu. Hozi hii ya silikoni niliivua kwenye bomba la turbo, na mnaona mistari iliyopangika sawasawa kuuzunguka mdomo wake: mpira uliingia matunduni, kisha kila mara klipu ilipokazwa, kingo zake ziliula hadi nyuzi za ndani zikaonekana. Inaniudhi sana kuona hozi ya gharama ikiharibiwa na klipu ya bei ya chini, tena na mtu aliyekuwa akijitahidi kuzuia hewa isivuje.

Ya mkono wa kulia ndiyo iliyonifanya niandae video hii. Ni klipu ya bolti ya T: ukanda mpana usio na tundu, kingo zimekunjwa kwa nje, na nati yake ina pete ya nailoni inayoizuia isilegee. Kati ya nati na ukanda kuna springi. Ninafunga klipu mbili kwenye hozi moja, moja ya kawaida na moja ya springi, kisha natia alama ya kalamu kwenye kila nati. Napuliza hewa ya moto. Silikoni inavimba, nayo springi, tazameni kwa karibu, inajibana kidogo kuupa mpira nafasi, ilhali klipu ya kawaida haina pa kwenda na inazidi kuukandamiza mpira. Tusubiri ipoe. Mpira uliokandamizwa ukiwa moto haurudi kikamilifu katika unene wake, na ndiyo maana hozi huvuja alfajiri, injini ikiwa baridi, kisha hukoma kuvuja baada ya mwendo. Upande wa springi, mizingo imejinyoosha tena na kuuvuta ukanda bila mtu kugusa nati. Upande wa kawaida, nimeigeuza nati karibu nusu mzunguko kabla sijaisikia ikishika.

Hata hivyo, msiikaze hadi mizingo igusane, kwa maana hapo springi haina tena kazi na mmelipia klipu ya kawaida kwa bei ya juu. Na bei yake kweli ni ya juu, mara kadhaa ya ile yenye matundu. Wengine watanitajia zile klipu za ukanda wa springi zinazofunguliwa kwa koleo, ambazo nazo hufuata mpira vizuri, ila zinadai kipimo kamili, na ukibadilisha unene wa hozi hazikufai tena.

Katika video iliyopita nilisema klipu zote za skrubu zitupwe, na leo narekebisha kauli hiyo. Kwenye bomba linalotoka kwenye chujio la hewa hadi turbo hakuna hewa inayosukuma, kwa hiyo klipu ya skrubu yenye ukanda laini kwa ndani inatosha. Lakini msiudharau upande huo. Hozi ya baada ya turbo ikivuja hupiga mluzi na lori hulegea, ilhali ya kabla ya turbo hufyonza vumbi kimyakimya, na vumbi hilo hukwangua mapezi ya turbo, kisha ringi na silinda. Vueni hozi, futeni ndani kwa kitambaa cheupe, na mkikuta vumbi baada ya chujio, tafuteni lilikoingilia siku hiyohiyo.

Kuhusu kipimo, pimeni hozi kwa nje ikiwa tayari imevikwa kwenye bomba: bomba la milimita 76 na hozi yenye unene wa milimita 5 hufanya 86, hivyo chagueni klipu ambayo 86 iko katikati ya masafa yake. Peleka sumaku kwenye skrubu pia, kwa sababu kuna klipu zenye ukanda usioshika kutu na skrubu ya chuma cha kawaida, ambayo hukwama kwa kutu siku mnapotaka kuifungua. Bomba lisafishwe mafuta yote, na klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka kwenye ncha ya bomba, si juu yake.

Hozi hii siifungui. Katika video ijayo nitaziba ncha zake, nitaijaza hewa na kuipaka maji ya sabuni, tuone ni klipu ipi itakayotoa povu kwanza.