Wikiendi ya mashindano ya magari mchangani na mlimani, Mtwara: uzoefu wangu

Anayedhani mashindano haya ni ya kukimbizana aondoe wazo hilo kwanza. Mwendo haupimwi kwa saa, wala magari mawili hayatoki pamoja. Kila gari linaingia peke yake kwenye njia iliyosimikwa fito mbili mbili, nawe unatakiwa kupita katikati ya kila jozi bila kuigusa na bila kusimama. Kila jozi ni geti, na mageti ni 10. Ukishindwa geti la kwanza unaandikiwa pointi 10, la pili 9, hivyo hivyo hadi la mwisho lenye 1. Ukishindwa, njia hiyo kwako imekwisha, unatoka unasubiri inayofuata. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Sheria hii nimeipenda mno, maana dereva mtulivu mwenye Suzuki ya zamani anaweza kabisa kumshinda mwenye Land Cruiser mpya. Magari mafupi na marefu yalitenganishwa pia, na ndiyo haki, kwa sababu kona ambayo gari fupi linaikata mara moja, refu haliwezi.

Jumamosi tulikuwa upande wa barabara ya Msimbati, tukishapita Madimba. Wengi walitamani tuendeshe ufukweni kabisa, kwa kuwa Msimbati inasifika kwa ufukwe ambao gari linapita. Waandaaji walikataa, nami nawapongeza kwa hilo. Eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga mayai kwenye mchanga wa fukwe hizo. Tairi likipita juu ya kiota, mayai yaliyo chini hayaonekani, ila yanaumia. Kwa hiyo njia zilichorwa bara, kwenye kichanga kilichokuwa shamba zamani, mbali na mikorosho, ambayo wakati huu ina maua.

Kichanga cha kiangazi ni kigumu kuliko matope, hasa kwa dereva aliyezoea kukanyaga mafuta. Kabla hatujaingia, msimamizi mmoja, mzee aliyeendesha malori ya korosho miaka mingi, alipita gari kwa gari na kipimo cha upepo wa tairi. Kijana wa Prado mbele yetu alikuwa na upepo wa PSI 35.

"Mwanangu, huo ni wa lami. Shusha hadi 18."

"Mzee, tairi si litalala?"

"Ndiyo tunataka lilale. Likilala linakanyaga mchanga sehemu kubwa, halichimbi."

Akamweleza pia kwamba chini ya 15 ni hatari, kwani tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Kijana yule alipita mageti yote ya njia ya kwanza. Kwangu mimi, maelezo ya mzee yule peke yake yalitosha thamani ya kiingilio.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa msoma njia. Watu hudharau kiti hicho, lakini dereva haoni fito ya kushoto iliyo karibu na bampa, na bila mtu wa kukuambia "Kaka, ngoja, sasa kunja" utaigusa tu. Tulifundishwa vilevile kushika usukani vidole gumba vikiwa nje, maana tairi la mbele likigonga kisiki, usukani hujizungusha ghafla na unaweza kukuvunja kidole.

Jumapili ilikuwa vilimani, nyuma ya Mikindani, kwenye changarawe na mawe. Hapo gari lisilo na gia nzito, yaani zile za ziada za mwendo wa polepole na nguvu nyingi, halikuruhusiwa, na sikuona ubaya wowote. Kushuka ni gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, injini ndiyo ikushike. Injini ikizima katikati ya mlima, usijaribu kugeuza gari, litabiringika. Unashika breki, unaweka rivasi, unashuka moja kwa moja ulikotoka. Kila dereva alifanyishwa zoezi hili kabla ya kushindana.

Kunasua magari kulisimamiwa kwa ukali unaostahili. Waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia gari lililokwama, unatupiwa gunia zito juu yake ili ukikatika usiruke, na hakuna anayesogea karibu, hata mwenye gari. Walifukuza watu waliokuja na simu kupiga picha. Gari la huduma ya kwanza lilikuwepo siku zote mbili.

Sasa yasiyoniridhisha. Kompresa ilikuwa moja tu, na Jumamosi jioni foleni ya kujaza upepo ilifika hadi giza. Hili si jambo dogo: kurudi mjini kwa lami na upepo wa 18 tairi linachemka, linaweza kupasuka. Kivuli cha familia hakikutosha, watoto walishinda chini ya mkorosho mmoja. Ahueni walikuwa akina mama wa kijijini waliokuja na madafu, pweza wa kukaanga, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye pilipili. Waandaaji wangewatengea sehemu rasmi. Matokeo nayo yasomwe kila njia inapokwisha, tusisubiri hadi Jumapili saa kumi na mbili.

Tena fomu haikugusa suala la bima. Bima nyingi za magari hazilipi hasara inayotokea mashindanoni, kwa hiyo muulize wakala wako kabla hujalipa kiingilio.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mwenye gari linalosukumwa na matairi yote manne (4x4), hata likiwa kuukuu, ajiandikishe, akague breki na mikanda, aje na kipimo chake cha upepo, jeki yenye ubao wa kuwekea chini, na maji ya kutosha. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri mimi nimeshanunua, na atakayekuwa jirani yangu kwenye foleni tutaitumia pamoja.